Kiti mwendo cha kukunja: tathmini ya kifaa na ya zabuni iliyokinunua

Kiti kinachopitiwa hapa anakijua kila aliyewahi kufika wodini. Fremu yake ni ya chuma kilichopakwa kromu, pa kukalia na pa kuegemea ni reksini nyeusi, nyuma kuna magurudumu ya inchi 24, mbele madogo ya inchi 8 yenye tairi ngumu, na chini ya kalio kuna vyuma viwili vilivyopishana kama herufi X ili kiti kikunjike. Upana wa kukalia karibu kila mara ni inchi 18, yaani sentimita 46, na kina chake ni inchi 16. Kikiwa kitupu kina uzito wa kilo 18 hadi 20. Si mali ya kampuni moja. Viwanda vingi hukitoa kwa umbo lilelile, na kwa kuwa bei yake ni ya chini kuliko ya vingine, ndicho kinachoshinda zabuni za serikali, mifuko ya bima na mashirika ya misaada.

Tutoe uamuzi mapema. Kwa kumtoa mgonjwa kitandani na kumfikisha kwenye chumba cha picha, kiti hiki ni kizuri: kinakunjika, kinafutika, kinavumilia watu tofauti tofauti. Kwa mtu atakayeshinda ndani yake kutwa nzima, atakayetoka nacho nje na kukitegemea kwa miaka, hakifai kama kinavyotoka kwenye boksi. Na kasoro zake nyingi hazikuanzia kiwandani. Zilianzia kwenye karatasi ya manunuzi, kwa sababu karatasi hiyo huhesabu viti vilivyokabidhiwa, haihesabu watu wanaoweza kukaa na kwenda.

Umbo lake lina sababu nzuri. Mwaka 1933 Herbert Everest, mhandisi aliyevunjika mgongo katika ajali ya mgodini, alishirikiana na rafiki yake Harry Jennings, naye mhandisi, kutengeneza kiti cha chuma kinachokunjika ili kiingie ndani ya gari. Shida ilikuwa ya kweli na waliitatua vizuri. Ile X ina faida nyingine pia: inalegea kidogo, hivyo magurudumu yote manne huweza kugusa ardhi isiyo sawa. Lakini ulegevu huohuo unakula nguvu ya anayesukuma, na bolti ya katikati inapolika kiti huanza kuvuta upande mmoja. Asiye na gari analipia gharama ya kukunja kila siku bila kupata faida yake.

Pa kukalia

Hapa ndipo penye madhara makubwa, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda. Reksini iliyotandazwa kati ya vyuma viwili hulegea baada ya miezi michache na kuwa kama machela. Makalio huteleza kuelekea katikati, mapaja hubanana, upande mmoja wa nyonga hushuka kuliko mwingine, na uti wa mgongo hupinda ili kichwa kibaki wima. Uzito unabaki juu ya mfupa mmoja wa kukalia. Reksini haipitishi hewa, jasho linakaa, ngozi inalainika. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, ambaye hahisi maumivu makalioni, hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kupata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kikifika mfupani kinaweza kuua kwa maambukizi.

Ndiyo maana kiti kinachotolewa bila mto ni kifaa ambacho hakijakamilika, hata kama risiti inasema kimekamilika. Mto wa mtu asiyehisi unahitaji sponji ngumu chini, iliyochongwa kishimo mahali mifupa ya kukalia inapoketi, na sponji laini juu yake. Chini ya mto uwekwe ubao wa plaiwudi wa milimita 9 hadi 12 uliokatwa kwa kipimo cha kiti, la sivyo mto nao utafuata umbo la machela. Ubao na mto vikiingia, mtu anapanda juu kwa sentimita kadhaa. Vikanyagio lazima virekebishwe, na mikono yake inaifikia rimu ya kusukumia kwa shida zaidi. Asiyejua hili huweka mto, akaondoka, akidhani amemaliza.

Kipimo cha kujua kama mto unafaa hakihitaji mashine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakifundisha katika mafunzo yake ya msingi: mtu akiwa ameketi, mtoa huduma anaingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia, kiganja kikitazama juu, upande mmoja kisha mwingine. Kama ncha za vidole zinaweza kupanda na kushuka kwa milimita 5 au zaidi, pako salama. Kama hazichezi lakini zinateleza kutoka kwa urahisi, hiyo ni dalili ya tahadhari. Kama zimebanwa hata kuzitoa ni kazi, mto huo ni hatari na mtu asiondoke nao. Sponji huchoka, kwa hiyo kipimo kirudiwe kila baada ya miezi michache. Mto uliopita leo unaweza usipite mwakani.

Vipimo vya mwili navyo ni vichache na vinachukuliwa kwa utepe wa fundi cherehani. Upana wa kukalia ulingane na upana wa nyonga. Kina kiwe urefu wa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguza milimita 30 hadi 60, ili ukingo wa kiti usikate mishipa nyuma ya goti. Kutoka juu ya mto hadi kikanyagio pawe sawa na urefu wa muundi, mtu akiwa amevaa viatu vyake. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hurudi kwenye makalio. Kikiwa chini mno, mtu huteleza mbele na kukalia mkia wa mgongo.

Sasa linganisha na zabuni inayosema tu "viti mwendo 500, upana inchi 18". Mtu mwenye nyonga ya sentimita 36 anabaki na nafasi ya sentimita 5 kila upande. Anaegemea upande mmoja ili apate pa kushika, na mikono inapanuka kuyafuata magurudumu hadi mabega yanaumia. Mtoto wa miaka sita katika kiti hicho hawezi kuyafikia magurudumu kabisa. Anakuwa mzigo wa kusukumwa wakati angeweza kujiendesha. Sio lazima zabuni iwe ndefu ili kulizuia hili. Inatosha idai saizi mbalimbali, kuanzia za watoto hadi za watu wazima wanene, kwa idadi zinazotokana na orodha ya watu waliokwisha kupimwa, na kila kiti kije na mto wa saizi yake.

Magurudumu ya mbele

Kwenye kiti hiki ekseli ya nyuma iko moja kwa moja chini ya mgongo wa mtu. Hilo linakifanya kisipinduke nyuma kirahisi, jambo jema kwa hospitali, lakini linapeleka sehemu kubwa ya uzito mbele, juu ya magurudumu madogo. Gurudumu dogo likikutana na jiwe au mchanga halipandi; linasimama na kumtupa mtu mbele. Uma unaolishika hupinda, bolti yake ya wima hulegea, na beringi hujaa vumbi na maji. Ukiona gurudumu la mbele linatetemeka kiti kinapoenda kasi, kwanza kaza bolti ya wima, kisha zungusha gurudumu kwa kidole: likikwaruza, beringi imekwisha.

Viti vilivyobuniwa kwa ajili ya barabara mbovu vinatatua tatizo hili kwa umbo, si kwa chuma kinene. Baadhi vina gurudumu moja tu la mbele, kubwa, lililosogezwa mbele sana. Vingine, kama RoughRider ya Whirlwind, shirika alilolianzisha Ralf Hotchkiss huko San Francisco, vina magurudumu mapana ya mbele yaliyo mbali na yale ya nyuma. Umbali huo ndio unaozuia mtu kutupwa mbele. Gharama yake ni kwamba kiti kinakuwa kirefu, kinageuka kwa shida ndani ya choo chembamba na kinasumbua kwenye basi. Kwa mtu anayeishi ndani ya nyumba ndogo na kutoka mara chache, kiti cha kukunja chenye ekseli inayoweza kusogezwa mbele kinaweza kuwa chaguo bora. Uchaguzi huu hauwezi kufanywa na ofisa manunuzi. Unafanywa na mtumiaji pamoja na mtoa huduma aliyefunzwa.

Cheti cha ubora kisomwe kwa makini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7176, sehemu ya 8, kinakitaka kiti kivumilie mizunguko 200,000 juu ya mapipa mawili yenye vizuizi vya milimita 12, kisha kuangushwa mara 6,666 kutoka kimo cha milimita 50. Kiti kisichopita majaribio hayo kisinunuliwe kwa fedha za umma. Lakini majaribio hayo hayapimi kutu, mchanga wala matope, na vitu hivyo ndivyo vinavyomaliza beringi. Kwa hiyo kupita ISO ni sharti la chini, na haliondoi haja ya kuuliza kiti kitatumika wapi.

Tairi na namba zake

Tairi ngumu haitoboki, na wanunuzi huipenda kwa hilo. Inapitisha kila mtikisiko hadi mgongoni, na ikichakaa huchomoka kwenye rimu na haizibiki. Tairi ya upepo ni bora nje, mradi pampu na viraka vinapatikana. Hapa kuna mtego ambao zabuni nyingi hazijui: inchi 24 ya kiti mwendo si inchi 24 ya baiskeli. Tairi ya kawaida ya kiti mwendo, 24 × 1 3/8, imeandikwa ubavuni 37-540, maana yake inakaa kwenye rimu ya milimita 540. Tairi ya baiskeli ya milimani ya inchi 24 inakaa kwenye rimu ya milimita 507. Haziingiliani hata kwa nguvu. Kama kiti kimekuja na rimu ya 540 mahali ambapo maduka yote yanauza 507, pancha moja kubwa inakifanya kiwe kiti cha kukalia sebuleni. Mnunuzi aandike kwenye zabuni namba inayopatikana kwa mafundi baiskeli wa eneo husika na adai magurudumu ya spoki. Gurudumu la plastiki likipata ufa halina tiba. Spoki iliyokatika inabadilishwa na fundi yeyote.

Hali ni hiyohiyo kwa beringi. Nyingi za magurudumu madogo ni namba 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, na inapatikana kirahisi. Za nyuma mara nyingi ni za ekseli ya nusu inchi, ambazo duka lenye beringi za milimita peke yake halina. Mwulize muuzaji kabla ya kusaini.

Breki na vikanyagio havihitaji maneno mengi. Breki inabana tairi moja kwa moja, kwa hiyo tairi ikipungua upepo au ikilika, breki nayo inaacha kushika, na mtu anaanguka wakati wa kuhamia kitandani. Ilegezwe na kusogezwa upya hadi ishike tairi vizuri, kila tairi linapobadilika. Vikanyagio vikiwa chini ya sentimita 5 kutoka ardhini vitagonga kila kizingiti.

Anayesukuma

Maelezo ya kiufundi ya zabuni huwa kimya kabisa kuhusu mtu wa nyuma ya kiti, ingawa katika nyumba nyingi ndiye injini. Mtu wa kilo 70 ndani ya kiti cha kilo 20 ni kilo 90. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12, kipimo kinachotumiwa sana katika kanuni za majengo, uzito wa kusukuma unafikia karibu kilo 7.5, bila kuhesabu msuguano wa tairi. Mteremko ukiwa 1 kwa 6, ambao mafundi hujenga mara kwa mara kwa kukosa nafasi, unakuwa kilo 15, na wakati wa kushuka kilo hizohizo zinamvuta msaidizi. Kiti hiki hakina breki ya mkono kwa anayesukuma. Vipini vyake viko kwenye kimo kimoja tu. Mama mrefu anainama, binti mfupi anasukuma kwa mabega.

Mbinu chache zinaokoa mgongo. Kupanda ukingo wa barabara, kanyaga kile chuma kinachotokeza nyuma karibu na gurudumu kubwa, vuta vipini kwako, weka magurudumu ya mbele juu ya ukingo, kisha sukuma kwa paja. Kushuka ukingo au mteremko mkali, geuka, ushuke kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Usinyanyue kiti kwa kushika sehemu za kuwekea mikono wala vikanyagio, kwa kuwa kwenye aina nyingi vinachomoka.

Mafunzo haya yanachukua muda mfupi, na ni wajibu wa kisera, si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, unataka katika Ibara ya 20 mafunzo ya kujimudu kwa watumiaji na kwa wataalamu wanaofanya kazi nao, na vifaa vipatikane kwa gharama wanayoweza kuimudu. Ibara ya 28 inazitaja familia zinazoishi katika umaskini: serikali iwasaidie gharama zinazotokana na ulemavu, zikiwemo za mafunzo, ushauri nasaha na huduma ya kumpumzisha mlezi. Katika bajeti nyingi kifungu hicho hakina mstari wake. Mlezi anaacha kazi ya kipato, anasukuma bila malipo, na mgongo wake ukiharibika nyumba inakuwa na watu wawili wanaohitaji msaada. Kiti chenye uzito pungufu na vipini vinavyorekebishwa ni sehemu ya sera ya walezi, na kihesabiwe hivyo wakati wa kulinganisha bei.

Ushuru na matengenezo

Nchi zilizojiunga na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976, iliyopanua Mkataba wa Florence wa 1950, zilikubali kuondoa ushuru wa forodha kwenye vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Kiti kizima kina namba yake ya kimataifa ya forodha, 8713, na vipuri vyake vina 8714.20. Kinachovuja ni vile visivyoitwa vya kiti mwendo: beringi huingia chini ya 8482, tairi mpya 4011, tyubu 4013. Hivyo basi kiti kinaweza kuingia bila ushuru, na beringi inayokifanya kitembee ikalipiwa kama ya pikipiki. Njia rahisi ni kuagiza vipuri ndani ya mzigo uleule wa viti, vikiwa vimeorodheshwa kama sehemu ya kifaa: magurudumu ya mbele kamili na uma zake, beringi, tairi na tyubu, breki, reksini, bolti. Magurudumu ya mbele yaagizwe kwa wingi zaidi, maana ndiyo yanayotangulia kufa. Bima nazo zina kosa linalofanana: zinalipia kiti kipya kila baada ya miaka kadhaa lakini hazilipii matengenezo, kwa hiyo mtu anaketi ndani ya kiti kibovu akisubiri tarehe ya kustahili kingine.

Huduma yenyewe WHO iliigawa katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuwa hatua nane: rufaa na miadi, tathmini, kuandikiwa kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumketisha mtu na kurekebisha, kumfunza, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Zabuni ya kawaida inanunua hatua ya nne peke yake. Mwongozo mpya ulitoka 2023, na uzito bado uko palepale: kifaa bila huduma kinaweza kuumiza. WHO inakadiria kwamba watu milioni 80 wanahitaji viti mwendo, na ripoti yake ya 2022 pamoja na UNICEF ilionyesha kuwa upatikanaji wa vifaa saidizi unaweza kuwa asilimia 3 tu ya wenye kuvihitaji katika baadhi ya nchi maskini, na asilimia 90 katika nchi tajiri. Takwimu za namna hiyo huwasukuma watawala kununua haraka na kwa wingi. Tunaielewa haraka hiyo. Lakini kiti kilichovunjika mwezi wa nne kinabaki kwenye hesabu kana kwamba mtu huyo amehudumiwa, na jina lake linatoka kwenye orodha ya wanaosubiri.

Kama kiti kimeshafika

Kabla ya kusaini hati ya makabidhiano, kikunjue na ukiweke kwenye sakafu iliyo sawa. Magurudumu yote manne yaguse chini. Kisukume na ukiachie: kiende mnyoofu. Vuta breki zote mbili na ujaribu kukisukuma. Tazama mahali palipochomelewa kwenye X na kwenye uma za mbele kama pana ufa. Kaza bolti zote, kisha uzikaze tena baada ya wiki ya kwanza ya matumizi, kwa kuwa rangi na kromu hukaa na nati hulegea. Weka ubao na mto, rekebisha vikanyagio, fanya kipimo cha vidole. Mtu afundishwe kupunguza mgandamizo kwa kuinama mbele juu ya magoti au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, akikaa hivyo dakika moja hadi mbili, kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kujinyanyua kwa mikono kunaumiza mabega, na watu wengi hawawezi kukaa juu kwa muda wa kutosha.

Kuna watu ambao marekebisho hayo hayawaokoi: mtoto mdogo katika kiti cha mtu mzima, mtu asiyeweza kujishikilia wima bila kuegemezwa pembeni, mtu mwenye kidonda kilichokwisha kufunguka ambaye hakupewa mto wa kufaa. Hao kiti hiki kisipokewe kwa niaba yao. Kirudishwe kwa barua yenye vipimo vitatu vya mwili, upana na kina cha kiti kilicholetwa, na sababu ya kukikataa, ili rekodi ionyeshe kwamba bado hawajahudumiwa. Nakala ipelekwe kwa chombo kinachosimamia utekelezaji wa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambacho Ibara ya 33 inaitaka kila nchi mwanachama kuwa nacho, na nyingine ibaki kwa mtumiaji mwenyewe au kwa mlezi wake.